Tafakari ya Juma: Kibarua na Maradhi ya Kudumu



Wapendwa waamini, juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo lisilosemwa mara nyingi mimbarini, ingawa lapita mbele ya macho yetu kila siku: hali ya mtu mwenye maradhi yasiyopona, naye anaishi kwa kazi za muda. Hatumzungumzii mgonjwa aliyelala kitandani. Huyo twamfahamu. Twampelekea Komunyo, twampaka mafuta matakatifu, nao wanajumuiya humtembelea wakiwa na kilo mbili za sukari, hata kama maradhi yenyewe ni kisukari. Twamzungumzia yule asiyelala: yule anayeamka alfajiri, akameza vidonge vyake kabla watoto hawajaamka, kisha akaenda kusimama kijiweni pamoja na wenzake akingoja kuchaguliwa.

Neno kibarua lina asili yake. Ni barua ndogo. Zamani katika pwani yetu mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kikaratasi, naye alikirudisha wakati wa kupokea ujira wake. Jina la kikaratasi likamhamia mtu, kisha likaihamia kazi yenyewe, na hata leo mtu akipoteza ajira twasema kibarua chake kimeota nyasi. Kikaratasi hakipo tena, lakini hesabu ni ile ile: aliyefanya kazi siku nzima analipwa siku nzima, na ambaye hakuja hana cha kudai. Hesabu hiyo ni ngumu hata kwa mwenye afya. Kwa mwenye maradhi ya kudumu ni ngumu kupita kiasi, kwa sababu maradhi ya kudumu hayaombi fedha za dawa tu. Yanaomba siku.

Chukueni kalenda, ndugu zetu, mtazame. Wagonjwa wengi wa kisukari na wa shinikizo la damu huitwa kliniki kila mwezi. Kliniki si saa moja. Ni kuondoka nyumbani gizani, kupanga foleni ya kadi, foleni ya kipimo, foleni ya daktari na foleni ya dawa, na kurejea jua likiwa limeinama. Mwajiriwa wa ofisini huaga tu, na mshahara wake haupungui. Saidia fundi akiaga, siku hiyo nyumbani kwake hakuna unga. Mwenye figo zilizoshindwa kazi yake ni nzito zaidi: kwa kawaida hutakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa juma, kila mara saa nne hivi akiwa amefungwa kwenye mashine, na wengi hutoka hapo wakiwa wamechoka kabisa. Ni mwajiri gani wa kijiweni atakayempokea mtu wa namna hiyo kwa siku zinazobaki?

Kisha kuna maradhi yasiyofuata kalenda. Nchi yetu ya Tanzania imo miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Zamani wengi wao hawakufikia utu uzima. Siku hizi, kwa neema ya Mungu na kwa juhudi za waganga, wapo waliokua, wameoa na kuolewa, nao wanatafuta riziki. Chembe zao nyekundu za damu hujikunja mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu huja ghafla katika mifupa, kifuani au tumboni. Baridi huyachochea; kiu ya muda mrefu huyachochea; uchovu mwingi huyachochea. Sasa mfikirini mama mwenye selimundu ambaye kazi yake ni kufua nguo za watu. Anaanza kabla jua halijachomoza, mikono i ndani ya maji ya baridi hadi kwenye viwiko, na mara nyingi hakunywa kitu tangu aamke. Kazi aliyoweza kuipata ndiyo inayomwita adui yake. Siku maumivu yakija haendi kufua, na mwenye nguo, ambaye Jumamosi alimwona arusini akiwa amependeza, husema moyoni mwake: huyu ni mvivu.

Hapa ndipo penye jeraha. Maradhi ya namna hii hayaonekani. Mwenye mguu uliovunjika humpigii simu kumwuliza kwa nini hakuja. Lakini mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye kisukari, mwenye baridi yabisi, leo ni mzima na kesho hawezi kuinuka, na sisi tunaomtazama tunapima uaminifu wake kwa kipimo cha siku yake njema. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi twapenda kumrushia mgonjwa msemo huo. Ni mara chache twajiuliza ni kwa nini anaficha. Anaficha kwa sababu anajua hesabu. Akisema ukweli Jumatatu, Jumanne nyapara atachagua mwingine. Kwa hiyo anameza dawa chooni, kliniki anaiita msiba wa shangazi, na mashangazi wakiisha anaanza kuiruka kliniki yenyewe.

Mwenye kisukari anayejichoma insulini ana tatizo lingine ambalo halijulikani na wengi. Insulini yataka chakula. Ukijichoma asubuhi halafu usile, sukari hushuka. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa kama mlevi, na aweza kuzimia. Lakini kibarua hulipwa jioni! Fedha ya kununua uji wa asubuhi iko mkononi mwa mtu atakayeitoa saa kumi na mbili jioni, kama ataitoa. Basi mgonjwa huchagua: ajichome bila kula, au ale kidogo bila kujichoma. Njia zote mbili ni mbaya. Torati ya Musa iliamuru kwamba ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi, bali alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na roho yake yautegemea. Kwa mgonjwa wa insulini twathubutu kusema kwamba hata machweo ni kuchelewa. Chai na kiporo saa moja asubuhi, kabla ya kazi, ni sehemu ya ujira wake.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Ni sheria nzuri. Lakini sehemu hiyo hiyo yasema kwamba asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Saidia fundi anayefanya siku tatu hapa na siku mbili kule anaweza kufanya kazi maisha yake yote asitimize miezi sita kwa mtu mmoja. Upo upenuo ambao wengi hawaujui: mfanyakazi wa msimu hakufungiwa nje, wala yule anayeitwa na mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka, muda wake wote ukizidi miezi sita. Wenzetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, walikwenda kwa njia nyingine: kibarua akishafanya siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na baada ya miezi miwili ya utumishi mfululizo hupata angalau siku saba za ugonjwa zenye malipo kamili na saba za nusu malipo kwa mwaka. Siku chache, lakini zinamfikia mtu wa chini mapema. Hatuoni sababu ya sisi kushindwa kufikiri jambo la namna hiyo.

Tena sheria yetu ya mwaka 2004 inapotaja sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwazo, yataja ulemavu, yataja na VVU na UKIMWI. Kutajwa huko hakukuja bure. Kulitokana na watu waliosimama wakasema: sisi ni wagonjwa, na tunafanya kazi. Kisukari, selimundu, kifafa na figo hayakutajwa kwa jina, na wenye maradhi hayo bado wengi wao hawajasimama. Katika jambo jingine pia wanaoishi na VVU wametangulia. Katika miaka ya karibuni, ambaye hali yake imetulia amekuwa akipewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja. Watu huliona hilo kama jambo la foleni za hospitali tu. Sisi twaliona kama siku za kazi alizorudishiwa mtu maskini. Kama linawezekana kwa dawa hizo, tungependa kusikia waganga wetu wakieleza kwa nini lisiwezekane kwa vidonge vya presha.

Wapo watakaotujibu kwa Maandiko. Tumekwisha kusikia mara nyingi maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike yakitumiwa dhidi ya watu wasiofanya kazi, kwamba wasile. Msomeni vema Mtume. Hakumnyoshea kidole asiyeweza, bali asiyetaka. Tena mtazameni yeye mwenyewe. Kule Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, akashona mahema pamoja nao kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja, na siku za Sabato alikuwa katika sinagogi akihojiana na watu. Sila na Timotheo walipowasili kutoka Makedonia akajitoa zaidi kwa kazi ya Neno. Huyo ni mtu wa kazi ya muda, kama tunavyosema leo. Na katika mwili wake alikuwa na mwiba. Wataalamu wamebishana kwa karne nyingi kama ulikuwa macho, homa au maradhi mengine, wala Mtume hakutuambia. Alituambia tu kwamba aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Twalisema hili pia kwa ajili ya wale wanaoambiwa katika mikutano ya maombi kwamba wamepona, wakatupa dawa zao. Kwa mwenye kisukari cha insulini, kutupa dawa kwaweza kuwa safari ya kaburini kwa siku chache. Paulo alibaki na mwiba wake, akabaki na sindano yake ya mahema.

Lakini mahali ambapo Injili inatukuta hasa ni katika ule mfano wa shamba la mizabibu, kwa Mathayo, sura ya ishirini. Kwa kawaida tunauhubiri kama mafundisho juu ya wanaochelewa kuongoka. Ni sawa. Ila juma hili tuutazame soko lenyewe. Mwenye shamba anatoka alfajiri, anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja bado anakuta watu wamesimama. Anawauliza kwa nini wamesimama hapo mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Injili haisemi walikuwa wagonjwa. Lakini yeyote aliyewahi kupita kijiweni saa nne asubuhi anajua ni nani wanaobaki. Wenye vifua vipana walikwisha kupanda lori mapema. Wanaobaki ni mzee, ni mwenye kikohozi, ni yule aliyeanguka kifafa mwezi uliopita mbele ya watu. Mwenye shamba hakuwataka cheti cha afya. Aliwapa saa moja ya kazi, ambayo ndiyo waliyobakiwa nayo, na jioni akawapa dinari moja, yaani kiasi ambacho nyumba ilihitaji ili ile siku hiyo. Wale wa alfajiri walinung'unika, nasi tukisema kweli tunawaelewa.

Twajua mwajiri naye ana hoja, na si haki kumgeuza kila mwajiri kuwa Farao. Wengi wanaowapa vibarua kazi katika parokia zetu si matajiri. Ni mjane anayejenga chumba kimoja cha kupangisha. Ni fundi aliyechukua kazi kwa bei ya chini, na asipomaliza kwa wakati hatalipwa. Zege likishachanganywa halingoji mtu aliyekwenda kliniki. Tena zipo kazi ambazo upendo wenyewe unatudai tumnyime mgonjwa: mwenye kifafa hapandishwi kwenye jukwaa la ghorofa ya pili, wala mwenye pumu hawekwi kumwaga saruji kwenye chombo kilichofungiwa ndani. Anayesema kwamba kila mgonjwa afanye kila kazi hajawahi kushika koleo.

Ila hoja hiyo ina mwisho wake. Kazi nyingi tunazozigawa kwa siku nzima hazina sababu ya kugawiwa kwa siku nzima, isipokuwa mazoea. Nguo za nyumba moja zaweza kufuliwa kwa asubuhi mbili fupi badala ya siku moja ya mateso, nazo zikafuliwa jua likiwa limepanda na maji yamepoa ubaridi. Bustani yaweza kulimwa kwa kipimo, mtu akamaliza tuta lake leo au keshokutwa, kadiri mwili unavyomruhusu, akalipwa kwa tuta. Watu wawili wenye maradhi waweza kupokezana kibarua kimoja, huyu akienda kliniki yule yupo, na mwenye kazi asipoteze hata shilingi. Ukuta uliojengwa wataka kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa ili usipasuke; kazi hiyo ya saa moja na saa moja mara nyingi hupewa mtu mwenye nguvu anayeidharau na kuisahau. Hesabu ya mifuko ya saruji yahitaji macho na uaminifu, haihitaji mabega. Na siku ya kliniki imeandikwa kwenye kadi mwezi mzima kabla! Ni jambo gani linalozuia mtu kuulizwa, siku anapopewa kazi: kadi yako inasema lini?

Swali hilo dogo tunaliona kuwa na uzito kuliko sadaka nyingi. Kilo za sukari zina mahali pake. Lakini mtu anayeishi na maradhi kwa miaka ishirini hawezi kuishi kwa kutembelewa. Anaona haya mbele ya watoto wake. Anajua kwamba mikono yake bado ina kitu cha kutoa, ila si kwa saa kumi mfululizo. Anachoomba ni saa chache zinazolingana na nguvu zake, na ujira wa haki kwa saa hizo, na ruhusa ya kusema jina la ugonjwa wake bila kufukuzwa. Shirika la Kazi Duniani lilikwisha kuweka Mkataba Na. 175 mwaka 1994, unaosema kwamba mfanyakazi wa muda mfupi astahili ulinzi ule ule kwa uwiano wa saa zake. Wazo si geni. Limekawia tu kufika kijiweni kwetu.

Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa ameandaa waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, utoke katikati ya Mei 1981, kwa ukumbusho wa miaka 90 ya Rerum Novarum. Tarehe 13 Mei akapigwa risasi. Waraka ulikamilishwa baada ya yeye kutoka hospitalini, ukatolewa tarehe 14 Septemba, na mwishoni mwake mwenyewe anataja jambo hilo. Ndani yake imo sehemu juu ya watu wenye ulemavu na kazi, ambamo anafundisha kwamba jumuiya inayowapa nafasi wenye nguvu kamili peke yao haistahili jina la utu. Baadaye tulimwona kwa miaka mingi akifanya kazi huku mkono ukitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, hadi Aprili 2005. Wapo waliosema wakati ule kwamba angejiuzulu. Hatuingii katika mabishano hayo. Twakumbusha tu kwamba ulimwengu mzima ulimvumilia mzee mmoja mgonjwa aseme sala yake polepole, wala hakuna aliyemwita mvivu.

Sisi wenyewe, kama parokia, ni waajiri. Tuna mlinzi, tuna wanaofagia uwanja, tuna mafundi, tuna wapishi wa siku za semina. Kwa hiyo tumekwisha kuzungumza na kamati ya ujenzi. Ukuta wa shule ya awali utaanza mara mvua zitakapokatika. Kazi ya kumwagilia na kazi ya kutunza stoo zitatengwa kwa ajili ya wenye maradhi ya kudumu, kwa zamu za asubuhi na jioni, na malipo yatatolewa kila siku. Chai itakuwa tayari saa moja asubuhi, nayo haitakatwa kwenye ujira. Wenyeviti wa jumuiya wapokee majina, na wayapokee faraghani, si kwa kusimama mbele ya watu na kutangaza. Anayetaka kuja moja kwa moja kwetu aje ofisini Jumanne au Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi, na aje na kadi yake ya kliniki, ili zamu zipangwe kwa kufuata tarehe zilizomo.